Ukubwa wa Punje ya Mpunga na Jeni Zinazouamua

Zao hili kwa Kiswahili lina majina matatu. Likiwa shambani, na hata likiwa guniani na maganda yake, ni mpunga. Likitoka mashineni ni mchele, na likiiva ni wali. Anayetaka kujua ukubwa wa punje unatoka wapi aanze na jina la kwanza, maana ukubwa ni jambo la mpunga. Mchele tunaouchambua kwenye ungo ulijaa ndani ya ganda, ukafuata umbo la ganda hilo, ukakauka humo. Mashine ya kukoboa ikishaondoa ganda, umbo la mchele ndilo ushahidi pekee uliobaki wa ganda lilivyokuwa.

Wataalamu hupima punje kwa urefu, upana, unene na uzito. Uzito haupimwi kwa punje moja, kwa kuwa punje moja ya mpunga ni kama gramu 0.025 tu; badala yake huhesabiwa punje 1,000 zikawekwa kwenye mizani. Aina nyingi zinazolimwa huwa kati ya gramu 20 na 30 kwa punje 1,000, ingawa zipo zinazopita 40. Urefu nao una ngazi zake. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, huuita mfupi mchele usiozidi milimita 5.5 baada ya kutolewa ganda. Kutoka hapo hadi 6.6 ni wa wastani, hadi 7.5 ni mrefu, na unaozidi hapo ni mrefu sana. Umbo hupatikana kwa kugawa urefu kwa upana: jibu likizidi 3 punje ni nyembamba, na likiwa chini ya 2 ni nene. Sokoni hakuna anayetembea na rula. Mnunuzi huteka mchele kiganjani, huumwaga kidogo kidogo akiutazama, na kwa tendo hilo amekwisha kupima urefu, upana na kiasi cha chenga.

Ganda hutangulia

Chukua punje moja ya mpunga uifungue kwa ukucha. Utaona kwamba ganda si kipande kimoja. Kuna kipande kikubwa, ambacho kwenye aina nyingine huishia kwa unywele mrefu unaochoma, na kuna kipande kidogo. Kingo za kile kikubwa zimejipinda zikashikana na za kile kidogo, ndiyo maana kumenya mpunga kwa mkono ni kazi ya kuumiza vidole. Vipande hivi viwili hukua suke likiwa bado limefichwa ndani ya bua. Ua linapokuja kuchanua, vimekwisha kufika kikomo na havitaongezeka tena.

Ua la mpunga hufunguka asubuhi jua likishapanda, hukaa wazi kwa muda wa saa moja hivi, hujichavusha lenyewe, kisha hujifunga. Baada ya hapo punje huanza kujaa. Kwanza hurefuka mpaka iguse ncha ya ganda, halafu hupanuka, mwisho hunenepa. Wanga hauna pa kupenya. Shouichi Yoshida, mtaalamu wa Kijapani aliyefanya kazi IRRI, alilieleza jambo hili mwaka 1981 katika kitabu chake cha misingi ya sayansi ya mpunga: punje haiwezi kuwa kubwa kuliko ganda linavyoruhusu. Kwa sababu hiyo uzito wa punje 1,000 ndiyo sehemu ya mavuno inayobadilika kidogo zaidi mwaka hadi mwaka. Mbolea ikikosekana, au maji yakikatika wakati mbaya, shida huonekana kwanza kwenye idadi ya masuke, kwenye idadi ya punje kwa suke, na kwenye wingi wa mapepe yanayopeperushwa wakati wa kupeta. Punje zilizofanikiwa kujaa hubaki na ukubwa unaokaribia ule wa mbegu yao.

Kwa mtafiti wa jeni hiyo ni bahati. Sifa inayoyumba kila msimu ni ngumu kuifuatilia kwenye ukoo. Hii haiyumbi sana. Swali lenyewe nalo hupungua likawa jepesi kulisema: ni nini kinachoamua seli za ganda zigawanyike mara ngapi, na kila seli irefuke kiasi gani? Karibu jeni zote zitakazotajwa humu hufanya kazi kwenye ganda. Wanga, ambao ndio tunaoula, ni mpangaji tu.

Ganda ni la mama

Kuna jambo moja linalowakanganya wanafunzi wa uzalishaji wa mbegu, nalo latokana na ganda hilo hilo. Kuoanisha mpunga ni kazi ya koleo ndogo na subira. Jioni, au alfajiri kabla maua hayajafunguka, mtaalamu hukata sehemu ya juu ya ganda kwa mkasi, huchomoa vifuko sita vya chavua kimoja kimoja, kisha huvika suke mfuko wa karatasi. Kesho yake hupukutisha humo chavua ya mmea mwingine. Tuseme mama ni mwenye punje ndogo na baba ni mwenye punje kubwa. Mbegu itakayopatikana itakuwa ndogo. Hata kama ganda lisingekatwa kwa mkasi, bado ingekuwa ndogo, kwa sababu ganda ni sehemu ya mwili wa mama na lilikwisha kujengwa kabla chavua haijafika.

Mbegu hiyo chotara ikipandwa, mmea wake wote una jeni za pande mbili, na maganda yake yote hufuata jeni hizo. Kila punje kwenye suke lake hulingana na mwenzake. Mchanganyiko unaonekana kizazi kinachofuata, mbegu hizo zikipandwa tena: mmea huu una punje ndefu, ule fupi, na mingi iko katikati. Mtafiti asiyelijua hilo hupima punje za kizazi kisicho chake, akaanza kulaumu mizani.

Katika kizazi hicho cha mchanganyiko ndipo jeni hutafutwa. Hupimwa punje za mamia ya mimea, na kila mmea husomwa alama zake kwenye kromosomu 12 za mpunga. Sehemu ya kromosomu ambayo kila mara huambatana na punje ndefu hutiwa alama. Halafu mmea wenye sehemu hiyo huoanishwa na mzazi mmoja vizazi kadhaa mfululizo, mpaka ipatikane mimea inayofanana na mzazi huyo kila mahali isipokuwa kwenye kipande kimoja kidogo. Hapo ndipo mtu anaweza kusema tofauti ya punje inatokana na kipande hicho. Kazi hii ilikuwa ya miaka mingi mpaka mwaka 2005, mradi wa kimataifa ulipokamilisha usomaji wa vinasaba vyote vya mpunga kwa kutumia aina ya Kijapani iitwayo Nipponbare. Tangu hapo majina ya jeni yakaanza kumiminika.

GS3: herufi moja

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, mjini Wuhan nchini China, walitangaza kuipata jeni ya GS3 kwenye kromosomu ya 3. Walikuwa wameoanisha Minghui 63, yenye punje kubwa ndefu, na Chuan 7, yenye punje ndogo. Tofauti waliyoikuta ilikuwa ya herufi moja. Vinasaba huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na seli huzisoma tatu tatu. Mahali ambapo aina zenye punje za kawaida zina TGC, ambayo huagiza asidi amino ya sisteini, Minghui 63 ina TGA. TGA haiagizi chochote. Ni alama ya kukoma. Protini iliyopaswa kuwa na asidi amino 232 hupoteza 178 za mwisho, na kilichobaki hakina kazi.

Ajabu ni kwamba mpunga uliopoteza protini hiyo ndio wenye punje ndefu. GS3, basi, ni breki. Ikiwapo, ganda hukoma kurefuka mapema. Ikikatika, ganda huendelea.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2010 watafiti wa chuo hicho hicho walionyesha kwamba GS3 ina sura nne kwenye mpunga unaolimwa, na kwamba protini yake ina sehemu za kazi tofauti. Mwanzo wake ndio unaozuia urefu. Mkia wake, uliojaa sisteini, unaidhibiti breki yenyewe. Minghui 63 imepoteza vyote, na punje yake ni ndefu. Chuan 7 ina mwanzo mzima lakini imepoteza mkia, na punje yake ni fupi mno. Jeni moja imeharibika mara mbili mahali pawili, na matokeo yake yanapingana. Mtu anayeambiwa kwamba jeni fulani imeharibika ana haki ya kuuliza imeharibika wapi.

Namna breki hii inavyofanya kazi ilielezwa mwaka 2018. GS3 ni mmoja wa ndugu kadhaa katika familia ya protini G, zinazobeba habari kutoka kwenye utando wa seli. Ndugu wawili, DEP1 na GGC2, hurefusha punje, lakini hawawezi kufanya hivyo peke yao. Lazima washikane na mwenzao aitwaye Gβ. GS3 nayo humshika Gβ. Yenyewe hairefushi wala haifupishi kitu, ila inamshikilia mshirika ambaye wengine wanamhitaji. GS3 ikikosekana, Gβ huwa huru kuwaendea wale wawili. Mkia uliopotea kwenye Chuan 7 ndio uliokuwa ukiiwezesha seli kuiondoa GS3 kwa wakati. Bila mkia GS3 hurundikana, na Gβ habanduki.

GW2 na bei ya upana

Mwaka 2007 kikundi cha Lin Hongxuan mjini Shanghai kilileta GW2, jeni ya upana iliyo kwenye kromosomu ya 2. Wazazi walikuwa WY3, mpunga wa punje kubwa sana, na Fengaizhan-1, wenye punje ndogo na mchele mzuri. Hapa herufi moja imepotea kabisa. Ikipotea herufi moja, usomaji wa tatu tatu huvurugika kuanzia hapo, na kwa muda mfupi hukutana na alama ya kukoma: asidi amino 425 hubaki 115. GW2 nzima ni protini inayobandika alama ya ubikwitini kwenye protini nyingine ili seli izivunjevunje. Ikikosekana, ugawanyikaji wa seli za ganda huongezeka, ganda hupanuka, na punje iliyo ndani hujaa kwa kasi kubwa zaidi.

Walipoihamishia sura ya WY3 kwenye mzazi mwenye punje ndogo, uzito wa punje uliongezeka kwa karibu nusu nzima. Hapo ndipo wauzaji wa matumaini husimama. Ukiendelea kusoma utakuta kwamba idadi ya punje kwenye suke kuu ilipungua kwa karibu theluthi, na mavuno ya mmea mzima yakaongezeka kwa kama moja ya tano. Ongezeko la moja ya tano si dogo, lakini si nusu. Mmea una chakula chake cha kugawa, na punje chache kubwa hugombania chungu kile kile na punje nyingi ndogo.

GW5, au nyumba isiyo yenyewe

Katika jeni zote za ukubwa wa punje, hii ndiyo ningeifundisha kwanza, kwa kuwa inaonyesha wanasayansi wakikosea kwa uaminifu.

Mwaka 2008 makundi mawili, moja la Japani na moja la China, yalifika kwa njia tofauti kwenye sehemu moja ya kromosomu ya 5. Wajapani walioanisha Nipponbare na Kasalath, mpunga wa India. Wachina walioanisha Asominori na IR24. Wote walikuta kwamba mpunga wenye punje pana umepoteza kipande cha vinasaba chenye herufi 1,212. Ilionekana wazi kwamba kipande hicho ni sehemu ya jeni, na kwamba kupotea kwake ndiko kunakopanua punje. Jeni ikapewa jina, qSW5 kwa Wajapani na GW5 kwa Wachina, ikaingia kwenye vitabu.

Kasoro ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kueleza vizuri protini yake inafanya nini. Mwaka 2017 makundi mawili ya China, likiwamo lile lililoigundua GW5 mwanzoni, yalionyesha kwamba jeni halisi ni jirani yake. Kipande kilichopotea hakimo ndani ya jeni hiyo. Kiko kama herufi 5,000 kabla yake, kwenye eneo linaloongoza jeni isomwe mara ngapi. Eneo hilo likipotea, jeni nzima na isiyo na doa husomwa kidogo mno. Protini yake ni ya kushikana na kalmodulini, na moja ya kazi zake ni kukizuia kimeng'enya cha GSK2, kinachopunguza nguvu ya homoni za brasinosteroidi. Ramani ya mwaka 2008 ilikuwa imewafikisha kwenye mtaa sahihi, wakabisha hodi nyumba ya jirani. Alama yenyewe, zile herufi 1,212, ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na waliochagua mbegu kwa kuifuata alama hiyo hawakupotea.

Kuna somo la pili hapa. GS3 na GW2 ziliharibika ndani ya maandishi yao. GW5 haikuharibika, imezibwa mdomo. Mabadiliko mengi yaliyotengeneza mazao yetu ni ya namna hii.

Ukoo wa basmati

Huko Mwea, nchini Kenya, mchele unaosifiwa kuliko wote huitwa pishori, na mbegu yake ni Basmati 370, iliyochaguliwa mwaka 1933 katika kituo cha Kala Shah Kaku, Punjab, ambayo leo iko Pakistan. Punje yake ni ndefu na nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Urefu huo una mkono wa GS3 iliyokatika. Wembamba una historia nyingine.

Mwaka 2012 kikundi cha Fu Xiangdong nchini China kilioanisha Basmati 385, mzao wa Basmati 370, na mpunga wa kusini mwa China uitwao HJX74. Walikuta jeni ya GW8 kwenye kromosomu ya 8. Yenyewe haijengi kitu. Huziamrisha jeni nyingine. Kwenye HJX74 husomwa kwa wingi, na punje hupanuka. Kwenye basmati herufi 10 zimepotea kwenye sehemu ya kuanzishia usomaji, jeni ikasomwa kidogo, na punje ikabaki nyembamba. Miaka mitatu baadaye ilifahamika inamwamrisha nani. GW8 hukaa juu ya jeni iitwayo GW7, ambayo kikundi kingine kiliipa jina la GL7, na kuikandamiza. GW7 ikiachwa huru, seli za ganda huelekea kwenye urefu badala ya upana, na punje hutoka nyembamba bila mavuno kuporomoka.

Mlaji anapaswa kutenga mambo matatu ambayo kwa pishori huja pamoja. Urefu wa punje mbichi ni kazi ya ganda na jeni hizi. Harufu ni kazi ya jeni nyingine kabisa, BADH2, iliyopoteza herufi 8. Na kule kurefuka kwa wali chunguni, mpaka punje ikakaribia mara mbili ya urefu wake, ni tabia ya wanga wakati wa kupikwa. GS3 iko kwenye kromosomu ya 3 na BADH2 iko kwenye ya 8, kwa hiyo hurithiwa kila moja kivyake. Upo mchele mrefu usionukia hata kidogo, na upo mfupi unaonukia nyumba nzima. Ndiyo maana wanaochanganya pishori na mchele mwingine mrefu huwapata wanunuzi wanaotumia macho peke yake. Pua haidanganyiki upesi hivyo.

Nyingine kwa ufupi

Si kila jeni ya punje ni breki. GS5, iliyoelezwa mwaka 2011, ni kichocheo: ikisomwa zaidi, punje hupanuka. GRF4 nayo huchochea, lakini kwa kawaida hudhibitiwa na RNA ndogo iitwayo miR396, inayoitambua na kuikata. Kwenye mpunga mmoja wa punje kubwa, herufi chache zimebadilika mahali hasa ambapo miR396 hushika, ikashindwa kushika. Kwa hiyo hata kichocheo hiki kiliongezeka nguvu kwa sababu mlinzi wake alikosa pa kukikamata. Zipo makumi ya nyingine, zinazopitia homoni za auksini na saitokinini, mnyororo wa vimeng'enya vya kupeana fosfeti, na hata tubulini, protini ya mirija inayoipa seli umbo. Kuziorodhesha zote hakumsaidii msomaji, kwani mashina ni machache na haya yaliyotajwa yanatosha kuyaona.

Kwa nini breki zilizokatika ni nyingi hivyo? Sababu moja ni hesabu tupu. Njia za kuharibu jeni ni nyingi kuliko njia za kuiboresha. Sababu nyingine ni mkono wa mkulima. Tangu mpunga ulipoanza kufugwa katika bonde la mto Yangtze nchini China, watu walikuwa wakitenga masuke ya mbegu kwa kuyatazama. Suke lenye punje kubwa huonekana na kila mtu. Halihitaji darubini wala mizani. Porini ukubwa huo usingekuwa na faida ya wazi kwa mmea. Kwenye ghala ulikuwa na faida, na kila aliyetenga mbegu kubwa alikuwa akitunza breki iliyokatika bila kujua.

Ukubwa si ubora

Mwaka 1966 IRRI ilitoa IR8, mbegu ya bua fupi iliyotoa mavuno makubwa kuliko watu walivyozoea huko Asia. Shamba liliipenda. Jiko halikuipenda: punje ilikuwa nene, na katikati yake mlikuwa na doa jeupe kama chokaa. Doa hilo hutokea chembe za wanga zinapojipanga kwa ulegevu zikaacha nafasi za hewa, na huelekea kuwa kubwa kwenye punje pana, ambazo katikati yake ni mbali kufikiwa na chakula. Mchele wa namna hiyo huvunjika mashineni. Kazi ya kurudisha punje ndefu na safi kwenye mimea mifupi ilichukua miaka, na IR64 iliyotolewa mwaka 1985 ilipendwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mchele wake.

Punje nyembamba nayo ina adhabu yake. Ikiwa ndefu sana na mpunga haukukaushwa vizuri, hukatika kwenye kukoboa, na kilichokuwa kiuzwe kwa bei ya mchele mrefu huuzwa kwa bei ya chenga. Wapika vitumbua watashukuru, mkulima hatashukuru. Nchini Tanzania, ambako Supa hupendwa kwa harufu na SARO 5 kwa mavuno, mkulima huchagua kati ya vitu hivi kila msimu. Kujua jeni humsaidia mzalishaji wa mbegu asisubiri suke likomae ndipo aone punje. Hukata kipande cha jani la mche wa wiki tatu, husoma alama za GS3, GW5 na BADH2, na kuitupa miche asiyoitaka. Tangu katikati ya miaka ya 2010 inawezekana pia kuikata breki kwa makusudi kwa kutumia zana ya kuhariri vinasaba iitwayo CRISPR. Watafiti wa China walifanya hivyo kwa GS3 mwaka 2016 kwenye aina ya Zhonghua 11, na punje zikarefuka kama ilivyotarajiwa. Aambiwaye kwamba mbegu fulani ina punje kubwa aulize maswali mawili kabla ya kulipa: suke moja lina punje ngapi, na gunia moja linatoa chenga kiasi gani.

Mpunga wa Afrika

Yote yaliyotangulia ni ya mpunga wa Asia. Afrika ina mpunga wake, Oryza glaberrima, uliofugwa Afrika Magharibi katika bonde la mto Niger kutokana na mpunga mwitu wa huko, Oryza barthii. Historia ya punje yake ilikwenda kinyume: punje za mpunga wa Afrika unaolimwa ni ndogo kuliko za babu yake wa porini.

Mwaka 2017 sababu ilipatikana kwenye kromosomu ya 4, katika jeni iliyopewa jina la GL4. Huko porini jeni hii hufanya kazi mbili. Hurefusha seli za ganda, na hujenga tabaka la seli pale punje inaposhikana na kikonyo, ili punje ikikomaa ipukutike yenyewe na kuanguka ardhini. Kwa mpunga mwitu kupukutika ni uhai, maana ndiko kunakosambaza mbegu. Kwa mvunaji ni hasara. Kwenye mpunga wa Afrika unaolimwa herufi moja ya GL4 imebadilika ikawa alama ya kukoma, na kazi zote mbili zikaanguka pamoja. Ganda likawa fupi, punje ikaacha kupukutika. Wakulima wa bonde la Niger hawakuwa na namna ya kupata moja bila nyingine, wakachukua punje ndogo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bado sukeni walipofika kuvuna.